Shingo na mgongo kuuma kwa wanaotibu meno: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa madaktari wa meno, matabibu wa kinywa na meno, wauguzi na wasaidizi wa kliniki, mafundi sanifu wa maabara za meno bandia, na wanafunzi wanaojiandaa kuingia katika kazi hizo. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia hapa Dar es Salaam. Watu wa meno wakija kwangu, mara nyingi huwa wamechelewa. Wameshameza dawa kwa miezi, wameshabadilisha godoro, na wengine wameshaanza kufikiria kuacha kazi wanayoipenda. Maswali nimeyaandika kwa namna yanavyoulizwa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu huko ndiko maumivu yanakoanzia. Mengine hayahitaji maneno mengi.

Ni mimi tu, au wote tunaumia?

Mnaumia wengi. Mapitio ya tafiti kutoka nchi mbalimbali yaliyochapishwa mwaka 2009 yalikuta kwamba kati ya asilimia 64 na 93 ya watoa huduma za meno wana maumivu ya misuli na viungo. Kwa madaktari, mgongo na shingo ndivyo vinavyoongoza. Kwa wale ambao kazi yao kubwa ni kusafisha meno, mkono na kifundo chake ndivyo vinavyoumia zaidi.

Nalitaja hili mapema kwa sababu wengi huficha. Daktari kijana anaogopa kuonekana mlegevu mbele ya wakubwa wake, na mkubwa naye anaogopa kuonekana amezeeka. Matokeo yake kliniki nzima inaumia na hakuna anayemwambia mwenzake kwamba kiti kimewekwa vibaya.

Sibebi mzigo wowote. Nakaa, tena kwenye chumba chenye kiyoyozi. Kinachoniumiza ni nini?

Ni kukaa pale pale bila kusogea huku umejipinda. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4.5 hadi 5.5 hivi. Kikiwa wima juu ya pingili saba za shingo, misuli ya kisogoni haichoki sana. Ukikiinamisha, misuli hiyo ndiyo inayokishikilia kisidondoke. Hesabu moja ya mwaka 2014 ilikadiria kwamba shingo iliyoinama digrii 30 inabeba mzigo wa kama kilo 18, na ikifika digrii 60 ni kilo 27. Hayo ni makadirio ya hesabu, hayakupimwa ndani ya shingo ya mtu, lakini yanatosha kuonyesha kwamba kuongeza digrii chache tu kunaongeza kazi kubwa.

Kisha kuna suala la damu. Msuli uliokazwa bila kulegezwa unabana mishipa midogo inayoupelekea damu. Mpagazi wa Kariakoo anabeba gunia, analitua, anajinyoosha, anarudi kubeba lingine. Msuli wake unakaza na kulegea. Wewe unakaza dakika arobaini mfululizo juu ya mzizi mmoja wa jino. Ndiyo maana jioni mabega yako ni magumu kuliko ya mtu aliyefanya kazi ya nguvu mchana kutwa.

La tatu, na kwa maoni yangu ndilo baya zaidi, ni kuinama na kujisokota kwa wakati mmoja. Mtazame daktari anayetumia mkono wa kulia akiziba gego la juu kulia bila kioo cha mdomoni. Amekaa ubavuni kwa mgonjwa, na ili aone ndani ya tundu anashusha kichwa kuelekea kifuani kwa mgonjwa. Kichwa kinalalia bega lake la kulia, kidevu kinageukia kushoto, kiwiko cha kulia kinapaa hewani, na kiuno kinaacha egemeo la stuli. Makalio yamehamia pembeni, uzito wote uko upande mmoja. Ukimpiga picha wakati huo na kumwonyesha baadaye, hatakubali kuwa ni yeye.

Nimemaliza chuo juzi. Mbona tayari shingo inauma?

Kwa sababu mwili ulijifunza kujipinda ukiwa bado chuoni. Mwanafunzi yuko kwenye mgonjwa wake wa kwanza, mwalimu amesimama nyuma yake, na mawazo yote yako kwenye jino. Hakuna anayekumbuka mgongo. Baada ya miaka hiyo, mkao ule unakuwa ndio wa kawaida na ule sahihi unaonekana wa ajabu. Kama bado uko chuoni, muombe mwenzako akutazame unapofanya mazoezi kwenye vichwa vya bandia na akuguse bega kila unapojikunja.

Basi nikae vipi hasa?

Kaa wewe kwanza, ndipo umlete mgonjwa ulipo. Nimelirudia hili kwa kila mtu wa meno niliyemtibu. Kliniki nyingi mambo yako kinyume: mgonjwa analala anavyotaka, daktari anajikunja kumfuata.

Panda stuli hadi nyonga ziwe juu kidogo ya magoti, mapaja yateremke kidogo kuelekea mbele, na nyayo zote mbili zikanyage sakafu. Sogea nyuma mpaka kiuno kiguse egemeo. Wengi wananunua stuli yenye egemeo zuri halafu wanakaa ukingoni, egemeo linabaki pambo. Stuli za umbo la tandiko la farasi zinasaidia kiuno kubaki na mkunjo wake wa asili, hasa kwa watu wafupi na wale wanaohitaji kumkaribia sana mgonjwa, ila zinahitaji kuzoewa taratibu. Usiinunue leo ukaikalia siku nzima kesho.

Viwiko vikae karibu na mbavu. Mdomo wa mgonjwa uwe usawa wa viwiko vyako au juu yake kidogo, na macho yako yawe umbali wa sentimita 35 hadi 45 kutoka kwenye jino, kutegemea urefu wako. Shingo ikiinama, isizidi digrii 20 hadi 25. Kanyagio la mashine lisogee karibu. Ukilazimika kunyoosha mguu kulifuata, nyonga inapinda, na mgongo unaifuata nyonga.

Kuhusu pahali pa kukaa: chukulia uso wa mgonjwa kuwa saa ya ukutani, utosi ukiwa namba 12 juu kabisa, na namba 9 ikiwa upande wake wa kulia. Anayetumia mkono wa kulia anafanya kazi kati ya 9 na 12, na kazi nyingi hukaa vizuri ukiwa 11 hadi 12, nyuma ya kichwa. Anayetumia mkono wa kushoto yuko kati ya 12 na 3. Zunguka. Nimeona vyumba vidogo ambamo kabati limebandikwa nyuma ya kiti na nafasi ya 12 haipo kabisa. Kabati hilo linawaumiza watu, lihamishwe.

Na mgonjwa alale vipi?

Kwa taya la juu, alale chali kabisa na kidevu kipande juu. Kichwa cha kiti kikiwa na kifundo cha kurekebisha, kitumie. Kama hakina, taulo lililoviringishwa chini ya shingo linatosha. Kwa taya la chini, inua egemeo la mgongo kama digrii 20, kidevu kishuke, na kiti chote kishushwe chini kidogo ili usipandishe mabega.

Lakini kosa ninaloliona zaidi ni dogo kuliko hayo. Mgonjwa anapokaa, kichwa chake hakifiki kwenye ncha ya kiti. Kuna nafasi tupu ya kiganja kizima juu ya utosi wake. Daktari aliyekaa nyuma analazimika kuinama kuivuka nafasi hiyo, kwa kila mgonjwa, mwaka mzima. Dawa yake ni sentensi moja: “Mama, naomba upande juu mpaka kichwa kifike hapa mwisho.” Gusa mto wa kichwa kwa mkono ili ajue unamaanisha wapi.

Naona aibu kumsogeza-sogeza mgonjwa, hasa mtu mzima.

Naielewa aibu hiyo. Mzee wa rika la baba yako amekuja na maumivu, umempa shikamoo, sasa umwambie ageuze kichwa mara tatu? Mwambie. Mweleze mwanzoni, kabla ya ganzi na kabla hajafungua mdomo: “Mzee, nitakuwa nakuomba ugeuke kidogo huku na huku, ili nione vizuri na kazi iishe mapema.” Hakuna mgonjwa anayekasirika kusikia hivyo. Wengi hufurahi, kwa sababu wanajua nini kinakuja. Na ni kweli tupu: kuona vizuri kunafupisha kazi.

Ukitaka kuona magego ya upande wako, ageukie mbali nawe. Ya upande wa pili, akugeukie. Kugeuza kichwa chake kidogo hakumchoshi, naye atashuka kitini baada ya nusu saa. Wewe una wengine wanaosubiri kwenye benchi.

Wapo wasioweza kulala. Hao je?

Wapo, na usiwalazimishe. Mwenye moyo ulioshindwa kazi akilala chali anakosa pumzi. Mzee mwenye kibiongo kichwa chake hakigusi kiti. Mama mwenye mimba kubwa akilala chali, tumbo linaweza kubana mshipa mkubwa wa damu na akajisikia kuzimia. Mwekee nguo iliyokunjwa chini ya nyonga ya kulia ili alalie kushoto kidogo, na egemeo liwe limeinuka.

Kwa wagonjwa hao, simama. Pandisha kiti mpaka mdomo ufike usawa wa kiwiko chako, sogea karibu, mguu mmoja mbele kidogo ya mwingine. Kukaa ukiwa umemwinamia mtu aliyekaa wima ndiko kunakokatisha watu viuno.

Kwani kusimama si bora kuliko kukaa?

Zamani madaktari wa meno walikuwa wakisimama siku nzima. Viti vya kumlaza mgonjwa vilipoenea katika miaka ya 1950 na 1960 wakaanza kukaa, na maumivu hayakuisha. Kukaa huku umeinama mbele kunabana diski za kiunoni, yaani mito laini iliyo kati ya pingili, kuliko kusimama wima, na kusimama kutwa kunachosha miguu na kiuno. Badilisha: mgonjwa mmoja umekaa, anayefuata umesimama, kama kazi inaruhusu.

Kazi yangu kubwa ni kung'oa. Bega na kiuno vinaniuma jioni.

Angalia urefu wa kiti kwanza. Kwa jino la juu, kiti kilazwe nyuma na mdomo uwe chini kidogo ya kiwiko chako. Kwa jino la chini, kiti kishuke zaidi, na mgonjwa akifungua mdomo taya la chini liwe sambamba na sakafu. Magego ya chini kulia, kwa anayetumia mkono wa kulia, yanang'olewa vizuri ukiwa umesimama nyuma ya bega la kulia la mgonjwa. Ukisimama mbele, bega lako linajisokota bure.

Nguvu itoke miguuni na kwenye kiwiliwili, siyo kwenye kifundo cha mkono. Kiwiko kikae karibu na mbavu. Mkono wa pili ushike taya. Na using'ang'anie: jino likigoma, pumzika sekunde chache, shusha mabega, kisha urudi. Anayevuta akiwa na hasira anavuta kwa shingo.

Tunapokwenda shuleni na vijijini hatuna kiti cha meno. Tunafanyaje?

Msitumie kiti cha plastiki kwa kila kitu. Kwa kuziba, tafuteni meza mbili imara, tandikeni godoro jembamba au mkeka, mtoto alale, na wewe ukae nyuma ya kichwa chake. Njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono bila mashine, ambayo leo inatumika nchi nyingi, ilianza hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 katika mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kumlaza mgonjwa mezani ni sehemu ya mafunzo yake. Kwa hiyo si jambo la kubangaiza. Ni utaratibu uliozaliwa nyumbani, tuutumie bila kusita.

Kwa kung'oa, kiti chenye mgongo mrefu kiegemezwe ukutani ili kichwa cha mgonjwa kipate pa kuegemea. Pangeni zamu. Mtu mmoja asing'oe tangu asubuhi mpaka jua linazama.

Kioo kinasaidia kweli? Naona kinanichelewesha.

Kinachelewesha wiki chache za mwanzo, baada ya hapo kinaokoa shingo kwa maisha yote. Anza na meno ya juu mbele upande wa ndani, kisha magego ya juu. Hewa kidogo ya bomba ikielekezwa kwenye kioo inaondoa ukungu.

Ninunue miwani ya kukuza? Wenzangu wanasema shingo zao zilipona.

Inaweza kusaidia sana, na inaweza kukuumiza zaidi. Tofauti iko kwenye vipimo. Kitu cha kwanza kuuliza ni mteremko wa lenzi: lenzi zikielekea chini vya kutosha, macho yanatazama chini huku kichwa kikibaki wima. Miwani yenye mteremko mdogo inakulazimisha kuinamisha shingo kama kawaida, ila sasa huwezi hata kusogea kwa sababu picha inapotea. Cha pili ni umbali wa kufanyia kazi. Upimwe ukiwa umekaa vizuri kwenye stuli yako. Ukipimwa umejikunja, utakuwa umelipia mkunjo huo.

Kwa sababu hiyo siwashauri watu kununua ya mtu mwingine, hata kama bei inavutia. Umbali kati ya macho yake na urefu wa mgongo wake si wako. Taa ndogo ya kuvaa kichwani nayo ni msaada mkubwa, kwani taa ya juu ikiwa pembeni ya mstari wa macho inaleta kivuli, na kivuli kinakuinamisha.

Kama umevuka miaka 40 na umeanza kusogeza simu mbali ili usome, pima macho kabla ya kulaumu shingo. Miwani yenye sehemu mbili, ya mbali juu na ya karibu chini, humfanya mtu ainue kidevu ili aone jino, na shingo inaumia kwa nyuma.

Mimi ni msaidizi, siyo daktari. Kiuno changu kinauma kuliko chake.

Nakuamini, na swali hili linanigusa kwa sababu wasaidizi ndio wanaosahaulika zaidi. Daktari ana stuli nzuri. Msaidizi amesimama tangu asubuhi, ameshika kinyonya mate kwa mkono ulionyooshwa, amepinda kiuno ili aone mdomoni, na hana pa kuweka magoti. Wagonjwa wakiisha, yeye ndiye anayeosha na kupeleka vifaa kwenye mashine ya kutakasia.

Unahitaji stuli yako, tena iwe juu kuliko ya daktari kwa sentimita 10 hadi 15, yenye duara la kuwekea miguu. Ukiwa juu, unaona bila kuinama. Kaa upande wa pili wa mgonjwa, kati ya namba 2 na 4 kwenye ile saa ya uso wake, magoti yakielekea kichwani kwake. Trei iwe karibu nawe kiasi cha kufikiwa kwa kiwiko kilichokunjwa. Na daktari anayesoma hapa: kama msaidizi wako hana stuli, mnunulie. Bei yake ni ndogo kuliko kumpoteza mtu anayejua mkono wako.

Mafundi sanifu wa maabara, nanyi inueni kazi, msiishushe shingo. Kiwekeo cha mikono juu ya meza, urefu wa kifua, kinabadilisha siku nzima ya kuchonga.

Foleni ya wagonjwa ni ndefu. Muda wa kupumzika sina.

Una muda ambao hujauona. Baada ya kuchoma ganzi unasubiri dakika kadhaa ishike. Wengi hutumia dakika hizo kutazama simu, shingo ikiwa imeinama vile vile. Simama. Weka viganja kiunoni, jinyooshe nyuma taratibu mara tano. Shusha mabega, bana mabawa ya bega pamoja, hesabu hadi kumi, legeza. Rudisha kidevu nyuma bila kukiinua wala kukishusha, hadi usikie shingo inarefuka, mara tano. Tazama mbali dirishani ili macho nayo yapumzike. Huvui koti, hutoki chumbani, na mgonjwa hapotezi kitu.

Wakati wa kazi yenyewe, kila unapobadilisha kifaa, shusha mabega. Sekunde mbili.

Nyumbani nifanye mazoezi gani?

Yenye kujenga nguvu, siyo kujinyoosha peke yake. Misuli yenu ya mbele, ya kifua na ile ya juujuu mbele ya shingo, huwa imefupika. Ya katikati ya mgongo na ile midogo ya ndani mbele ya shingo huwa dhaifu. Kwa kifua, simama mlangoni, weka mikono kwenye fremu, songa mbele mpaka uvutike, kaa hapo nusu dakika. Kwa mgongo wa juu, funga mpira mrefu kwenye kitasa imara na uvute viwiko nyuma kama anayepiga kasia. Kwa kiuno, tandika mkeka, piga magoti na viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja bila kiuno kuyumba, kisha ubadilishe. Ubavu nao usisahaulike: lala kiubavu, jiinue kwa kiwiko na magoti, kaa sekunde kumi.

Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, mkiongeza kutembea. Ufukwe wa Coco jioni ni wa bure. Zoezi likileta maumivu yanayoshuka mguuni au mkononi, acha hilo moja na uulize.

Natoka kliniki naingia kwenye foleni ya barabarani kwa muda wa saa mbili. Inachangia?

Inachangia. Ukiendesha kwenda Tegeta au Mbagala, inua egemeo la kiti, sogea karibu na usukani, na weka kanga iliyoviringishwa nyuma ya kiuno. Kisogo kiguse mto wa kiti. Ukiwa kwenye daladala na umechoka kukaa, kusimama kituo kadhaa si hasara kwa mgongo uliokaa kutwa. Simu iinuliwe usawa wa macho.

Nipige picha ya MRI?

Kwa maumivu ya kawaida, bila dalili za hatari nilizozitaja hapa chini, hapana kwanza. Picha huonyesha mengi yasiyohusiana na maumivu. Mapitio ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba kati ya watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, asilimia 30 ya wenye umri wa miaka 20 wana diski iliyovimba, na kwa wenye miaka 80 ni asilimia 84. Mtu akisoma neno “diski” kwenye ripoti anaanza kutembea kwa woga, anaacha kusogea, na mgongo unazidi kukaza.

Dawa, sindano, mkanda wa kiuno, kuchuliwa: kipi kinafaa?

Diklofenaki na ndugu zake hupunguza maumivu kwa siku chache. Zikitumika mfululizo zinaleta vidonda vya tumbo, zinapandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Nyinyi mnazijua dawa hizi kuliko mimi, mnaziandikia wagonjwa kila siku, na bado nawakuta mnazimeza miezi bila kupimwa. Tafadhali acheni hilo.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu sugu ya kiuno Desemba 2023. Linapendekeza mazoezi, elimu, na baadhi ya tiba za mikono ikiwemo kuchua. Halipendekezi mikanda ya kiuno, mashine za kuvuta mgongo wala dawa za jamii ya morfini kama tiba ya kawaida. Kuchuliwa kunatuliza, lakini kama Jumatatu unarudi kwenye kiti kile kile ukiwa umejipinda vile vile, utakuwa unalipia nafuu ya siku mbili. Kulala kitandani wiki nzima nako kunachelewesha kupona.

Vidole vinakufa ganzi. Ni shingo au ni mkono?

Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku na kupungua ukikung'uta mkono, mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo. Ikianza na maumivu ya shingo na kushuka begani hadi mkononi, na ikizidi ukiinua kidevu au kugeuka upande huo, shuku shingo. Zote mbili zinahitaji kupimwa mapema, kabla vifaa havijaanza kukuponyoka.

Dalili gani zisisubiri?

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukipata ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja, ukishindwa kukojoa au kuzuia mkojo au choo, miguu ikilegea, au maumivu yakianza baada ya ajali, ya bodaboda kwa mfano. Miguu ikianza kuwa mizito na mikono kukosa ustadi kwa pamoja, hilo nalo ni la haraka.

Nenda ndani ya siku chache kama maumivu yanakuamsha usiku bila kujali mkao, au yanaambatana na homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Kifua kikuu hushambulia pia pingili za mgongo, na hapa kwetu lazima kifikiriwe. Mtu anayefanya kazi usoni kwa wagonjwa kila siku asikipuuze. Aliyewahi kuugua saratani naye asisubiri.

Nina kliniki mbili, asubuhi kazini na jioni kwa mtu. Nipunguze?

Najua kwa nini watu wanafanya hivyo, na ada za shule hazingoji. Lakini mwili unahesabu saa zote pamoja. Kama huwezi kupunguza saa, panga upya kazi: usiweke magego ya mwisho matatu mfululizo, usifuatanishe tiba mbili ndefu za mizizi ya meno. Weka katikati ukaguzi au kazi fupi unayoweza kuifanya umesimama. Na jioni moja kwa wiki ibaki huru.

Nikiumizwa na kazi, naweza kudai fidia?

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nayo inagusa magonjwa yatokanayo na kazi pamoja na ajali. Orodha ya Shirika la Kazi Duniani iliyorekebishwa mwaka 2010 ina kundi zima la magonjwa ya misuli na mifupa. Kinachowashinda wengi ni ushahidi. Mjulishe mwajiri kwa maandishi maumivu yakianza, tunza vyeti vya matibabu, andika kazi unazofanya na vifaa ulivyopewa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi), inamtaka mwajiri kulinda afya yako, kwa hiyo kuomba stuli inayofaa si kudeka.

Niende wapi, na nije na nini?

Huduma za fiziotherapia zipo Muhimbili, Taasisi ya Mifupa MOI, hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala, na hospitali binafsi nyingi. Mwambie anayekuhudumia kazi yako siku ya kwanza kabisa. Kabla ya kuja, mpe mwenzako simu akurekodi dakika mbili ukiwa kazini, mara moja kutoka ubavuni na mara moja kutoka nyuma, bila sura ya mgonjwa kuonekana na kwa ruhusa yake. Pima pia kwa futi urefu wa stuli yako kutoka sakafuni, kwa juu kabisa na kwa chini kabisa, uandike. Na ukiweza kuja na msaidizi wako, njoo naye.